Vilimi vya Mzee Wendelin

Kila asubuhi, kabla hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote, Mzee Wendelin alikwenda mlango wa nyuma na kopo lake la biskuti, akakaa kwenye kigoda, akatoa vilimi vyake kimoja kimoja na kuvipuliza. Kwanza anakinyanyua kwenye mwanga aone kama tundu liko wazi, halafu anakitia mdomoni na kupuliza pumzi moja ndefu. Kile cha chuma kilitoa mlio mwembamba, kama mtu anayevuta hewa huku amebana meno. Vile vya mpira mwekundu vilitoa sauti nzito ya chini, kama mtu anataka kusema jambo halafu anaghairi. Akishamaliza anavifuta, anavilaza, anafunika kopo. Hapo ndipo anageuka na kusema, "Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

Mwanangu huyo ni Fausta, binti yake. Alikuwa mwanamke mzima, mjane, mwenye majaruba yake ya mpunga na kuku wake, na alirudi kuishi na baba yake hapo mtaa wa Katindiuka, Ifakara, baada ya mama kufariki. Alishazoea. Anatoa shikamoo yake, halafu anasubiri kimya mpaka kopo lifunikwe. Odilia, jirani mwenye maneno, alipenda kusema kwamba Ifakara nzima mzee ndiye mtu pekee anayesalimiana na mpira kabla ya binadamu. Mzee alicheka, lakini hakuacha.

Vitu vyenyewe ukivitazama ni vidogo tu. Kila mtu ana kilimi chake, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho watu huwapeleka watoto kwa fundi kikatwe wakikohoa sana. Lakini kwenye thieta, chumba cha upasuaji cha hospitali ya misheni, alikofanya kazi Wendelin tangu ujana mpaka alipostaafu, jina hilo walikipa kifaa cha kuweka mdomoni mwa mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Ni kipande kifupi kilichopinda, kina tundu katikati na ukingo unaobaki nje ya midomo ili kisimezwe. Kazi yake kuushikilia ulimi. Kina mama wengi walishtuka wakisikia neno hilo, wakauliza kama mtoto anakwenda kukatwa kilimi, na Wendelin alikuwa na jibu lake moja kwa wote: "Mafundi wanakata, mama. Sisi tunaongeza."

Yote hayo alifundishwa na Sista Eveline, mtawa wa Kizungu aliyekuwa akilaza watu usingizi kwa etha. Sista alimwambia kwamba mtu akilazwa kwa dawa, ulimi wake unakuwa nyama isiyo na mwenyewe. Unarudi nyuma, unakaa juu ya njia ya hewa kama mtu aliyekaa mlangoni. Zamani huko Ulaya watu walikufa hivyo mikononi mwa madaktari, bila kisu kuwagusa. Wakawa wanauvuta ulimi kwa koleo, na wengine walipitisha sindano na uzi katikati ya ulimi ili auvute mtu pembeni. Ndipo Mwingereza mmoja akatengeneza bomba fupi la kubanwa na meno. Baadaye Wamarekani wakalikunja, mmoja akafanya la chuma, mwingine la mpira lililobapa ili lisivunje meno ya watu. Wendelin alivipata vya aina zote hizo hospitali ilipoanza kutumia vya plastiki. Vingine vilikuwa vinatupwa shimoni. Aliviomba, akapewa.

Kulikuwa na hadithi moja ya Sista ambayo Fausta alipokuwa mdogo aliiomba kila mara ingawa ilimtisha. Mmarekani yule wa mpira alitaka wenzake waone kwamba mrija wake wa kooni, ule wenye puto la kuziba pembeni, haupitishi hata tone. Akamlaza mbwa wake mwenyewe kwa dawa, akamtia mrija, akamzamisha kwenye tangi la kioo lililojaa maji. Mbwa akalala chini ya maji mbele ya watu, kifua kinapanda, kinashuka. Alipotolewa akaamka, akajikung'uta, akaenda pembeni kulala. Fausta alikuwa anauliza swali lilelile: alipoamka, alimjua bwana wake? Baba anasema Sista hakufika huko.

Mwaka ule shingo ya mzee ilivimba. Goita ilianza kama yai la kuku, na yeye akaifunika kwa skafu, akasema ni uzee. Mvua za vuli zilipoanza ilikuwa imezunguka koo lote. Akilala chali pumzi inakwama. Akitembea mpaka kisimani anarudi analia filimbi kifuani. Fausta alianza kumsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto mchanga, yaani yuko shambani lakini masikio yako nyumbani. Akampeleka hospitali. Daktari akawaonyesha picha, akasema wazi kwamba koo limebanwa limebaki jembamba, na lisipofunguliwa litajifunga lenyewe, pengine mzee akiwa anakunywa uji. Kupasua kunawezekana, ila lazima alazwe kwa dawa na kutiwa mrija.

Mzee alikataa.

Hakukataa kwa hasira. Alikataa kama mtu anavyokataa chakula amekwishashiba, na Fausta alihangaika naye wiki nzima. Akaleta padri. Akamleta Odilia, ambaye alimwambia mzee kwamba akifa kwa ubishi msibani hatampikia mtu. Hakuna lililosaidia mpaka siku moja mchana, pumzi ilipomkatikia akiwa anamenya muhogo, akaanguka magotini, macho yakamtoka. Iliporudi, alikaa muda mrefu anaitazama mikono yake. Akasema basi, atakwenda. Na walipokuwa wodini wakisubiri kesho yake, ndipo alimweleza binti yake anachoogopa.

Siyo kisu, alisema. Ni kuamka.

Thieta walikuwa na desturi, na Sista aliishika kama sala. Mgonjwa akianza kurudi, mtu mmoja tu ndiye anayemtoa kilimi, na huyo huyo anamwita jina lake. Wengine wote wananyamaza. Sista alisema ni kwa sababu masikio huamka kwanza. Wendelin, aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, aliamini zaidi ya hapo. Aliwaona wengi wakiwa katikati, wanapumua lakini hawapo, na alijua kwamba kilimi kilekile kimeshakaa vinywani mwa watu mia, wengine wazima, wengine waliozikwa. Kinachemshwa, ndiyo. Maji ya moto yanaua wadudu. Lakini pumzi ya mtu haichemshiki.

Siku moja, enzi hizo za kazi, wakaletewa binti wa Kisukuma. Mama yake, Mbuke, alitoka ng'ambo ya Namawala, huko wafugaji walikokuwa wamehamia na ng'ombe wao, na alikuja na mapacha wake wawili. Wasukuma mapacha huwaita Kulwa wa kwanza na Doto wa pili. Aliyepasuliwa tumbo ni Doto. Kulwa alikaa nje kwenye benchi akimenya karanga, anaongea na kila anayepita. Walifanana mpaka kovu. Kazi ikaisha vizuri, Wendelin akatoa kilimi, kikubwa cha mpira mwekundu, akainama sikioni, na bila kujua kwa nini ulimi wake ulikwenda huko, akaita, "Kulwa."

Akaitikia vizuri tu, mzee alisema. Alifumbua macho na kusema abee.

Walipomtoa nje, Kulwa yule wa benchi alikuwa amekaa vilevile, karanga mkononi. Hakuugua. Alikula akipewa, alitembea akishikwa mkono. Lakini hakuitikia tena, siyo Kulwa, siyo Doto, siyo jina lolote. Daktari alisema ni mshtuko, utapita. Mbuke aliondoka na wanawe wawili, mmoja anaongea kwa wawili, na mlangoni alimtazama Wendelin bila kusema kitu. Mzee alisema ni afadhali angetukanwa.

"Kwa hiyo nataka niitwe," alimwambia Fausta. "Jina langu. Wendelin. Siyo kingine."

Fausta aliomba aruhusiwe kuingia, akaambiwa haiwezekani. Akamtafuta nesi wa thieta, binti mpole anayeitwa Nelly, akamweleza, akiwa na aibu kidogo kama anayeomba kitu cha kishirikina. Nelly hakucheka. Alisema hilo ni jambo dogo, atamwita mwenyewe. Alirudia na jina ili asilikosee.

Upasuaji ulianza asubuhi na ukaenda salama. Hilo lisemwe, maana baadaye Odilia alizungumza mengi kuhusu hospitali ambayo siyo kweli. Goita ilitoka yote. Damu nyingi haikupotea. Daktari wa usingizi alikuwa makini, mrija wake ulikuwa mpya, umefunguliwa kwenye karatasi yake siku ileile. Mlango ulipofunguliwa Nelly alitoka anatabasamu, akasema baba ameamka, anapumua kama kijana.

"Ulimwita?" Fausta aliuliza.

"Nilimwita, dada. Aliitika mara moja."

"Ulimwita jina?"

Nelly akaangalia chini, akichezea kitufe cha gauni lake.

"Nilitaka. Nilikuwa nalo hapa mdomoni. Lakini dada, ningemwitaje mzee mzima jina lake kavukavu, kama namwita mdogo wangu? Lilikataa kutoka. Nilimwita babu. Nilisema, babu, babu, amka."

Fausta hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka jina la baba yake tangu azaliwe, isipokuwa kwa watu wa ofisini. Akasema hamna shida. Akaingia.

Mzee alikuwa amelazwa kichwa juu, bandeji nyeupe shingoni. Hakuna filimbi tena. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila kelele yoyote, na Fausta, aliyekuwa amezoea kuisikiliza, aliona kama chumba kimepungukiwa na mtu. Macho yakamgeukia. Yalikuwa macho ya adabu, ya mtu aliyekuta mwenyeji ameingia. Akajaribu kujiinua kidogo, na kwa sauti ya kukwaruza iliyotoka chini kabisa akasema, "Shikamoo, mama."

Wewe ukiamkiwa shikamoo, mdomo unajibu kabla ya akili. Ndivyo tulivyolelewa wote, hatuna namna nyingine. Fausta alikuwa bado anatafuta kiti, na alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Marahaba."

Mzee akashusha pumzi, akaridhika, akalala. Fausta alibaki amesimama. Alijaribu kulirudisha lile neno moyoni, akijiambia ni dawa, ni dawa tu, lakini lilikuwa limeshatoka na limeshapokelewa.

Daktari alimtuliza. Alisema wazee wengi huchanganyikiwa wakitoka kwenye usingizi wa dawa, wengine siku chache, wengine zaidi, na sauti kukwaruza ni kawaida kwa kazi iliyofanyika shingoni. Arudishwe nyumbani, akae na vitu anavyovijua. Yalikuwa maneno ya kweli na Fausta aliyashika. Wakapanda bajaji, wakarudi Katindiuka.

Nyumbani mzee alisimama mlangoni mpaka akaribishwe. Alivua viatu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kile cha karibu na mlango, mikono kwenye magoti, na alipoletewa ubwabwa na samaki alikula kidogo, akabakiza, kama anavyobakiza mtu wa kuja. Alimwita Fausta mama. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, akafagia uwanja, na Fausta alipotoka akamkuta ameshakunja mkeka. Hakwenda mlango wa nyuma. Hakuuliza kopo.

Fausta alimletea mwenyewe. Alilifungua mbele yake, akiwa na matumaini makubwa, maana daktari si alisema vitu anavyovijua? Mzee aliangalia ndani, akavigusa kwa kidole.

"Ni vya nani hivi, mama?"

"Ni vyako, baba."

Akatabasamu kama anayekataa zawadi asiyostahili. "Hapana. Sijawahi kuwa na vitu kama hivi." Kisha akachukua kile cha mpira mwekundu, kikubwa, chenye alama za meno ukingoni. Akakinusa. "Ila hiki nakijua. Kilishawahi kukaa mdomoni mwangu. Ladha yake haisahauliki."

Fausta akamnyang'anya kopo, akaenda kulifungia chumbani. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

Ndaki, kijana wa Kisukuma aliyekuwa analeta maziwa kwa baiskeli, ndiye aliyezidisha hofu. Siku hiyo mzee alikuwa amekaa kivulini. Alipoiona baiskeli akasimama, akasalimia, "Mwangaluka." Ndaki akacheka, akajibu, maana wazee wengi wa hospitali wanajua salamu hiyo ya Kisukuma. Lakini mzee akaendelea kwa Kisukuma hichohicho. Wakaongea muda, na kicheko cha Ndaki kikawa kinapungua, mwishowe akawa anaitikia tu, kofia mkononi. Fausta alimfuata mpaka barabarani kumuuliza wamesema nini.

"Ameniuliza ng'ombe wamenyweshwa na nani," Ndaki alisema. "Ametaja rangi zao. Dada Fausta, mzee wako anaongea kama mababu, wale wa huko tulikotoka. Maneno mengine mimi siyajui, nilikuwa nayasikia kwa bibi tu." Kesho yake maziwa aliyaacha kwa Odilia, hakufika uwanjani.

Ndipo Fausta alipoamua kufanya kile ambacho Nelly alishindwa. Alisubiri Odilia aondoke, akafunga mlango kwa aibu, akasimama katikati ya chumba. Baba yake alikuwa amempa mgongo, anatazama dirishani. Fausta akavuta pumzi na kulitamka jina la baba yake, wazi, kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwake mwenyewe akiwepo.

"Wendelin."

Mzee aligeuka. Akamtazama Fausta. Halafu akaangalia nyuma yake, pembeni, na kwenye mlango wa chumbani, aone ni nani anayeitwa.

Kuanzia hapo Fausta alikuwa anaishi na mgeni mwenye uso wa baba yake, na kilichomtesa zaidi ni kwamba mgeni mwenyewe alikuwa mwema. Angekuwa mkali angempigia kelele. Lakini utampigiaje kelele mtu anayekushukuru kwa kila kikombe cha maji? Aliendelea kumpikia, aliendelea kumbadilisha bandeji. Kidonda kikapona vizuri, kikabaki mstari mwembamba. Pumzi zake zilikuwa nzuri mno. Usiku Fausta alikuwa anatega sikio ukutani na hasikii kitu.

Siku moja ya masika mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na kukatika asubuhi. Mzee alioga, akavaa shati safi, akaja jikoni. Alisimama mpaka Fausta alipoinua uso.

"Mama, nimekuja kuaga. Mmenitunza vizuri. Sasa niende nyumbani, ng'ombe wamekaa muda mrefu bila mtu."

Fausta alimwambia anywe uji kwanza. Alikunywa, akaosha bakuli mwenyewe. Odilia alikuwa ameshika mlango. Alimwonyesha Fausta kwa macho kwamba amshike. Lakini Fausta hakuwa na mkono wa kumshika baba yake kwa nguvu, na kwa huyu mwingine hakujua ana haki gani. Alifikiri amsindikize tu, kama mgeni anavyosindikizwa. Atachoka njiani, alijiambia, atakaa chini, nami nitamrudisha.

Walipita nyumba za mwisho. Mzee alishika njia ambayo Fausta hakuwahi kumwona akiipita, inayokata katikati ya mashamba kuelekea upande wa Namawala, kule alikotoka Mbuke na mapacha wake, na aliipita kama mtu anayejua kila jiwe. Hakuchoka. Majaruba yalikuwa yamejaa maji, mpunga umesimama kufika kifuani. Njia ilipoanza kuzama, alisimama, akakunja suruali.

"Rudi sasa, mama. Umenisindikiza vya kutosha. Huko mbele utachafuka."

"Nani anakusubiri huko?"

"Mama yangu. Tangu nilipoamka anaita."

"Anaita jina gani?" Fausta aliuliza upesi. Maana kama angelijua tu, lolote lile, angeliita yeye, na huyu angegeuka, na angegeuka kila siku mpaka mwisho, akae tu, hata akiwa nani.

Mzee alifungua mdomo. Fausta aliuona ulimi ukijipanga kulisema. Kisha akafunga mdomo na kumtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayeomba kitu cha watu. Akainama kidogo, akaingia majini.

Fausta alimtazama mpaka miguu ikapotea, ikabaki shati, likabaki bega, halafu ukabaki mpunga. Hakusikia maji yakipigwa. Akazunguka mbio kwa tuta la juu mpaka mahali njia ile inapotokea, upande wa pili, akasimama hapo akisubiri atoke. Baadaye alitoka mwanamke mmoja amejitwika kuni, amelowa mpaka kiunoni. Fausta akamuuliza kama amepishana na mzee wa shati jeupe.

Mwanamke akatua kuni, akageuka kuitazama njia aliyotoka. Akasema njia ni moja hiyo hiyo, haina pa kuchepukia, na hakupishana na mtu.